Mwezi Ishirini, Mfungo Tano

Baba yangu alikuwa na umri wa namna mbili. Wa kwanza ulikuwa kwenye makaratasi: amezaliwa tarehe 1 Januari 1942. Wa pili ulikuwa kinywani mwake, na huo ulikuwa mkubwa zaidi. Mwanzoni mwa Desemba 2015, tumekaa barazani nyumbani kwetu Tanga pamoja na wageni, alisema, "Mwezi huu nimetimiza miaka themanini, alhamdulillahi."

Sisi watoto wake tuliosoma tukacheka. Kaka yangu akapiga hesabu pale pale mbele za watu: toa 1942 katika 2015, zinabaki 73. "Mzee, unajiongezea," akamwambia. Baba hakubisha. Alisema tu, "Wallahu aalam," yaani Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kisha akaomba kahawa.

Mimi nililipokea neno lile kama neno la mtu aliyeshindwa hoja. Ndivyo tulivyozoea kuyasikia maneno haya. Fundi akisema "inshaallah" tunajua kesho haji. Mtu akisema "Wallahu aalam" tunajua hana jibu. Ilinichukua miaka kadhaa, na msiba mmoja, kufahamu kwamba Baba hakuwa ameshindwa chochote.

Alifariki Machi 2019. Mama akakaa eda, na mimi nikapewa kazi ya kuhesabu: miezi minne na siku kumi. Nikaichukua kalenda ya ukutani, nikaanza tarehe 21 Machi, nikafika 21 Julai, nikaongeza siku kumi, nikaizungushia duara tarehe 31. Shangazi, dada yake Baba, akaitazama ile kalenda akatikisa kichwa.

"Hiyo ni miezi ya mshahara, mwanangu. Eda haihesabiwi kwa miezi ya mshahara."

Akanihesabia kwa vidole. Baba alifariki mwezi 14 Rajabu. Ukifika mwezi 14 Shaabani, mmoja. Wa Ramadhani, miwili. Mfungo mosi, mitatu. Mfungo pili, minne. Ongeza siku kumi: mwezi 24 Mfungo pili. Kwa hesabu yangu mama angekaa ndani siku kama nne zaidi ya zile alizoamrishwa.

Labda aliona haya yangu, kwa sababu aliingia chumbani akatoka na kitabu kilichofungwa kwa kitambaa. Kilikuwa kitabu cha maulidi ya Barzanji cha babu yangu, ambaye alisomesha watoto chuoni. Katika kurasa tupu za mwisho babu aliandika vizazi na vifo vya nyumba yake, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mimi herufi nazijua, lakini mkono wa babu ulinishinda. Shangazi akanisomea mstari mmoja: Bismillahi, amezaliwa mtoto wa kiume usiku wa Ijumaa, mwezi 20 Mfungo tano, mwaka 1357. Mwenyezi Mungu amjaalie umri mwema. Wallahu aalam.

Neno lile lile. Nikajiuliza, mtu anawezaje kuandika siku, tarehe, mwezi na mwaka aliozaliwa mwanawe, kisha akamalizia kwa kusema Mungu ndiye ajuaye? Je, hakuwapo?

Nikaanza na mwaka. Mwaka 1357 ni wa Hijra, unaohesabiwa tangu Mtume alipohama Makka kwenda Madina, mwaka 622 kwa hesabu ya Kizungu. Hesabu hiyo haikuanza siku hiyo. Ilipangwa baadaye, zama za Khalifa Umar bin Al-Khattab, kiasi cha mwaka wa 17 tangu kuhama. Inasimuliwa kwamba barua za serikali zilikuwa zikifika na jina la mwezi bila mwaka, na watu hawakujua Shaabani iliyotajwa ni ya mwaka huu au ya mwaka uliopita. Masahaba wakashauriana waanzie wapi, wakachagua lile tukio la kuhama.

Kisha mwezi. Kalenda za Kiarabu hazina mwezi uitwao Mfungo tano. Huo ni wetu watu wa pwani. Waswahili waliyachukua majina matatu kwa Waarabu: Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Miezi tisa iliyobaki waliihesabu tu, kuanzia ule unaofuata Ramadhani, ambao ndipo watu wanapofungua: Mfungo mosi, Mfungo pili, hadi Mfungo tisa. Wako wanaosema Mfunguo, na hapo maana inajitokeza wazi zaidi. Kwa hiyo Mfungo tatu ni mwezi wa hija, Mfungo nne ndio Muharram unaofungua mwaka wa Hijra, na Mfungo sita ni mwezi wa maulidi. Mfungo tano wa babu ni Safar.

Siku za juma nazo tulizipanga hivyo hivyo. Ijumaa ndiyo siku kubwa. Inayofuata ni ya kwanza, Jumamosi, kisha Jumapili, mpaka Jumatano. Halafu inakuja Alhamisi, neno la Kiarabu lenye maana ya siku ya tano, kwa kuwa Waarabu wanaanza kuhesabu Jumapili. Ndiyo maana juma la Kiswahili lina siku za tano mbili, na hakuna anayelalamika. Wazee waliisimamisha ibada kama nguzo, wakahesabu kutoka hapo: siku kutoka Ijumaa, miezi kutoka Ramadhani.

Sasa nikaenda kwenye jedwali la kugeuza tarehe. Majedwali haya yanatumia duru ya miaka 30, ambamo miaka 19 ina siku 354 na miaka 11 ina siku 355. Niliingiza 20 Safar 1357. Jibu: Alhamisi, 21 Aprili 1938. Nikafurahi kwa mwaka, maana tayari Baba alikuwa amekuwa mkubwa kuliko makaratasi yake kwa zaidi ya miaka mitatu. Lakini siku ilinikwaza. Babu kaandika Ijumaa, jedwali linasema Alhamisi.

Nikampigia Shangazi simu, nikamwambia babu alikosea siku.

"Usiku wa Ijumaa ni lini?" akaniuliza.

"Ijumaa usiku."

"Basi wewe na babu yako hamzungumzi lugha moja. Usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jua likishatua. Ijumaa ikizama jua, huo tena ni usiku wa Jumamosi."

Nilikuwa nalijua hilo bila kujua kuwa nalijua. Tarawehe ya kwanza husaliwa usiku, kabla ya mchana wa kwanza wa kufunga, kwa sababu mwezi ukiandama jioni, tarehe mosi imekwisha kuingia. Usiku hutangulia mchana wake. Hata saa zetu zinafuata njia hiyo: jua likishatua tunaanza kuhesabu upya, saa moja, saa mbili. Siku inayoanza saa sita za usiku tuliletewa na ofisi.

Nikadhani nimemaliza: Baba alizaliwa Alhamisi jioni, na jedwali limesema Alhamisi. Lakini nilipotulia nikaona bado kuna pengo. Kama usiku hutangulia mchana, basi mwezi 20 wa jedwali ulianza Jumatano magharibi, na usiku wake ungeitwa usiku wa Alhamisi. Babu anasema usiku wa Ijumaa. Tofauti ya siku moja ilikuwa bado pale pale, imejificha tu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jedwali na babu wanatazama vitu viwili. Jedwali linatazama hesabu. Babu alitazama mbingu. Mwezi wa Kiislamu huwa na siku 29 au 30, na hujui ni ngapi mpaka jioni ya siku ya 29. Ukionekana mwezi mwandamo, mwezi mpya umeingia. Mbingu zikifunga mawingu, mafundisho ni kukamilisha siku 30. Safar ya mwaka ule iliandama mwanzoni mwa Aprili, na Aprili kwa watu wa Tanga ni masika. Huenda watu walisimama ufukweni wakaona wingu tupu, wakakamilisha siku 30, na Mfungo tano wao ukaanza siku moja nyuma ya jedwali. Kwa hesabu yao, mwezi 20 uliangukia Ijumaa, tarehe 22 Aprili, na usiku wake ni Alhamisi jioni, tarehe 21.

Katika kutafuta tarehe za zamani, siku ya juma ni shahidi mzuri kuliko namba. Namba inategemea mwezi ulionekana lini na wapi. Watu wa Tanga na watu wa mji mwingine waliweza kupishana siku moja na wote wakawa wakweli. Siku ya juma haipishani. Ijumaa ni Ijumaa kwa wote, kwa sababu watu wameswali. Babu aliandika vyote viwili, namba na siku. Kisha, kwa kuwa alijua namba imesimama juu ya wingu, akaandika Wallahu aalam.

Kwa hiyo neno lile halikuwa pambo, wala halikuwa neno la kukosa jibu. Lilikuwa sehemu ya tarehe. Maana yake: hiki ndicho tulichokiona sisi, na kisichoonekana anakijua Mwenyezi Mungu. "Inshaallah" nayo nikaanza kuisikia upya. Qurani, katika sura ya Al-Kahf, inakataza mtu kusema atafanya jambo kesho bila kuambatanisha na atakavyo Mungu. Katika kalenda ya mwezi, agizo hilo lina kazi hata kwa mwenye haraka ya mambo ya dunia. Jioni ya 29 Ramadhani, mtu akikuuliza kama kesho ni Idi, hakuna jibu la kweli isipokuwa inshaallah. Kalenda yenyewe haimruhusu mtu kuimiliki kesho.

Watu wa pwani hawakuwa wajinga wa jua. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11, na miezi huzunguka majira yote. Mfungo tano uliokuwa masika mwaka 1938 ulikuwa Desemba mwaka 2015. Mkulima na nahodha hawawezi kupanda wala kusafiri kwa hesabu hiyo. Kwa ajili yao ulikuwapo mwaka wa jua wa Nairuzi, uliogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, ambao kuingia kwake bado husherehekewa kila Julai huko Makunduchi, Unguja, kwa Mwaka Kogwa. Shamba lilikuwa na hesabu yake, na uhai wa mtu ulikuwa na yake: kuzaliwa, kufunga, eda, kufa.

Na kwa hesabu hiyo, toa 1357 katika 1437. Zinabaki 80 kamili. Desemba ile ya 2015, wageni wakiwa barazani, ilikuwa Mfungo tano 1437. Kwa miaka ya jua Baba alikuwa na 77 na miezi saba. Hakujiongezea hata siku moja. Ile 1 Januari 1942 ilikuwa ya karani aliyemkadiria kwa macho, na sisi tuliiamini kwa sababu ilikuwa na muhuri. Alikuwa na neno la babake, nasi tulikuwa na karatasi, tukamcheka mbele ya wageni wake.

Nilimweleza kaka yangu. Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akasema, "Na alituachia tu."

Mama alitoka eda mwezi 24 Mfungo pili. Jioni yake Shangazi aliniletea kitabu na kalamu, akaniambia tangu babu afe hakuna aliyeandika humo. Niliandika chini ya mstari wa babu, kwa herufi zile zile, mkono ukinitetemeka kama mtoto wa chuo: amefariki mchana wa Alhamisi, mwezi 14 Rajabu, mwaka 1440, naye ana miaka 83. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea.

Nilikuwapo alipofariki. Saa naijua, na dakika naijua. Hata hivyo nikamalizia: Wallahu aalam.