Seli ya jua ya perovskaiti

Seli ya jua ya perovskaiti ni kifaa kinachogeuza mwanga kuwa umeme kwa kutumia utando mwembamba wa fuwele zenye muundo kama wa madini ya perovskaiti. Madini hayo yalielezwa na Gustav Rose mwaka 1839 kutokana na sampuli za Milima ya Ural, Urusi, yakapewa jina la Lev Perovski.

Mwaka 2009, Tsutomu Miyasaka na wenzake nchini Japani walitangaza seli ya kwanza ya aina hii, yenye ufanisi wa asilimia 3.8. Seli za maabara sasa zimevuka asilimia 25.

Utando huo huwa na unene wa takribani nusu mikromita, ilhali kaki ya silikoni ya seli za jua za kawaida huzidi mikromita 100. Utando hutengenezwa kwa kudondosha myeyusho juu ya kioo kinachozungushwa kwa kasi, kisha kuupasha joto la nyuzi 100 hivi za Selsiasi.

Kasoro za seli hizi ni kuharibiwa na unyevu na joto, pamoja na kuwa na risasi, ambayo ni sumu. Watafiti hujaribu bati badala ya risasi, na pia huutandaza utando huo juu ya silikoni ili kuongeza ufanisi. Perovskaiti hutumika pia katika majaribio ya taa za LED na vitambua mwanga.