Kutia rangi kitako cha gobori

Kutia rangi na kung'arisha kitako ni kati ya kazi za mwisho katika kuunda gobori kwa mkono. Mfano mashuhuri ni bunduki ndefu za Pennsylvania, Marekani, zilizoundwa karne ya 18 na mafundi wengi wenye asili ya Ujerumani na Uswisi, hasa eneo la Lancaster. Walipendelea mbao ya mepo yenye mawimbi, ambayo kabla ya kupakwa ni nyeupe na haivutii sana.

Mbao hulowanishwa kidogo ili nyuzi zisimame, kisha hukwanguliwa. Hufuata asidi ya nitriki iliyoyeyushiwa chuma. Ikikauka huacha rangi ya kijivu inayoweza kumtia wasiwasi fundi mgeni. Lakini chuma cha moto kikipitishwa karibu, bila kugusa, mbao hugeuka kahawia nyekundu papo hapo. Mawimbi hujitokeza kwa kuwa nyuzi zilizokatizwa usoni hufyonza dawa zaidi. Asidi iliyobaki huuliwa makali kwa maji ya magadi, la sivyo hutia kutu vyuma.

Hatimaye husuguliwa mafuta ya kitani kwa kiganja, tabaka nyembamba mara kadhaa. Matambara yaliyolowa mafuta hayo hutandazwa yakauke. Yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe.