Port Bell na Maradhi ya Kupotewa na Akili

Port Bell ni bandari ya Kampala katika eneo la Luzira, kwenye Ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria. Ilianza mwaka 1908 na kupewa jina la Sir Hesketh Bell, aliyeitawala Uganda kwa niaba ya Uingereza kuanzia 1906 hadi 1909. Siku hizi jina hilo linajulikana zaidi kwa bia inayotengenezwa hapo hapo bandarini kuliko kwa mtawala mwenyewe. Lakini Bell ndiye aliyeamuru ufuo wote huo uhamwe, kwa sababu ya ugonjwa ulioanza kwa homa na kuishia kuvuruga akili.

Ugonjwa huo ulikuwa malale, ambao Waganda waliuita mongota. Kuanzia mwaka 1900 hivi hadi 1920 uliua zaidi ya watu 200,000 katika Busoga, Buganda na visiwa vya ziwa. Mgonjwa hulalamikia maumivu ya kichwa na homa za mara kwa mara. Miezi inapopita vijidudu huingia kwenye ubongo: usingizi hugeuka, akasinzia mchana akiwa ameshika chakula mkononi na kukesha usiku, mtu mpole huwa mkali, maneno humpotea, asitambue walio mbele yake. Mwaka 1903, huko Entebbe, Aldo Castellani aliviona vijidudu hivyo katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na David Bruce akaonyesha kwamba vinaenezwa na mbung'o. Dawa haikuwapo. Robert Koch alijaribu dawa ya Atoxyl katika Visiwa vya Ssese mwaka 1906 na 1907, na baadhi ya waliotibiwa wakapofuka.

Kwa kuwa mbung'o wa ziwani hukaa kwenye vichaka vyenye kivuli karibu na maji, Bell alikata shauri kuwatenga watu na mdudu. Kwa makubaliano na machifu wa Buganda, wakazi wakahamishwa maili mbili kutoka ufukweni, na wa Ssese wakaondolewa visiwani mwao. Maambukizi yakapungua. Gharama yake ni kwamba wavuvi walipoteza kazi, mashamba yakageuka pori, na wazee waliong'olewa katika migomba yao wakaanza upya ugenini. Bandari ya Port Bell ikazaliwa, basi, kwenye ufuo ambao serikali yenyewe ilikuwa ikiutoa watu.

Mwaka 1906, ule ule ambao Bell alianza kutawala, mwezi Novemba, daktari Alois Alzheimer aliwaeleza wenzake mjini Tübingen, Ujerumani, habari za mwanamke wa makamo aliyepoteza kumbukumbu hadi akafa, na mabadiliko aliyoyakuta katika ubongo wake. Ugonjwa wenye jina lake haukuwa na nafasi katika taarifa za madaktari wa Uganda. Walikuwa na janga la malale la kupambana nalo, na mzee aliyesahau alikuwa ni mzee tu, akitunzwa na wajukuu wake nyumbani.

Aliyeifikia serikali ni yule aliyesumbua majirani. Huyo kwanza aliwekwa katika gereza la Hoima, baadaye katika wodi ya Mulago. Mwaka 1955 ikafunguliwa hospitali ya Butabika, juu ya ziwa, mwendo mfupi kutoka Port Bell na kutoka gereza kuu la Luzira. Hospitali hiyo imetibu maelfu, ila jina lake liligeuka tusi mitaani: mtu akifanya jambo la ajabu huambiwa apelekwe Butabika. Tusi hilo limewadhuru wazee kuliko inavyodhaniwa, kwani familia nyingi zimeona afadhali kumficha bibi chumbani kuliko kutajwa pamoja na hospitali hiyo. Na hesabu za waliolazwa, zilizotumiwa kudai kwamba maradhi ya kusahau ya uzeeni ni adimu Afrika, zilihesabu walioletwa tu.

Hapo palihitaji kutenganishwa mambo mawili ambayo malale iliyachanganya. Kuweweseka huja ghafla, kwa saa au siku. Mzee huongea ovyo, huona visivyokuwapo, au hunyamaza na kusinzia tu, na hali hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Chanzo huwa mwilini: malaria, nimonia, maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji, dawa zilizozidi, au kuacha pombe ghafla kwa mnywaji wa muda mrefu, jambo la kukumbukwa katika mtaa wenye kiwanda cha bia na mapipa ya waragi. Kikitibiwa chanzo, mara nyingi akili hurudi. Dimensia, yaani maradhi ya kusahau, huja polepole kwa miezi na miaka, na zilizo nyingi hazina tiba ya kuzirudisha nyuma. Mwenye dimensia naye huweweseka kwa urahisi zaidi, ndiyo maana homa ndogo humfanya aonekane ameharibikiwa kabisa.

Utafiti wa karibu ulikuja kwa njia ya UKIMWI, ambao nao hudhuru ubongo. Mwaka 2005 watafiti wa Kampala na Baltimore walichapisha kipimo kifupi cha dimensia inayoletwa na virusi vya UKIMWI, kisichohitaji mtu kujua kusoma. Mgonjwa huambiwa maneno manne, kofia, mbwa, nyekundu na maharagwe, kisha hugonganisha kidole gumba na cha shahada kwa kasi kwa sekunde tano. Hufuata kuweka mkono mezani kwa zamu: ngumi, kiganja, ubavu. Mwisho huulizwa yale maneno. Alama ni 12. Anayepata 10 au chini huchunguzwa zaidi. Waliopewa dawa za kupunguza makali walipimwa tena, na wengi wakawa wamepata nafuu ya akili.

Kwa uzee wenyewe, hesabu nzuri zaidi ya Afrika Mashariki imetoka wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ambako nyumba kwa nyumba ilionekana kwamba watu 6 hivi katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana dimensia. Madai ya uadimu yakaisha hapo. Uchunguzi wa kimataifa wa mwaka 2024 unakadiria kwamba karibu nusu ya dimensia duniani inahusiana na mambo yanayoweza kurekebishwa: shinikizo la damu, kisukari, kutosikia vizuri, upweke, sigara, pombe nyingi, elimu iliyokatizwa utotoni.

Uganda ilipitisha sheria mpya ya afya ya akili mwaka 2018 badala ya ile ya zama za ukoloni, na sasa hulipa shilingi 25,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 80 na zaidi. Kwa familia ya Luzira, mzee aliyebadilika ghafla apelekwe siku hiyo hiyo kwenye kituo cha afya cha kawaida kupimwa malaria, mkojo na sukari. Aliyebadilika taratibu apimwe pia, presha na masikio yakiwemo, kabla ya yeyote kutaja Butabika.