Bunduki Iliyofungiwa Garini: Nani Anabeba Hatari ya Maegesho ya Kazini?

Tarehe 1 Oktoba 2002, uongozi wa kiwanda cha karatasi cha Weyerhaeuser huko Valliant, mji mdogo wa kusini-mashariki mwa Oklahoma, ulipitisha mbwa wa kunusa katikati ya magari ya wafanyakazi. Zikapatikana bunduki. Waliokutwa nazo, wengine waajiriwa wa kampuni yenyewe na wengine wa wakandarasi wake, waliachishwa kazi, kwa kuwa mwaka huohuo kampuni ilikuwa imelipanua katazo lake la silaha hadi kwenye maegesho. Nchi ile ni ya wawindaji. Bunduki nyuma ya kiti cha pikapu haimshtui mtu. Waliofukuzwa walishtaki, wakashindwa. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya Kanda ya 10 iliamua kwamba Katiba ya Oklahoma, pamoja na kuilinda haki ya kuwa na silaha, haimnyang'anyi mwenye eneo uwezo wa kuweka masharti ya busara ndani ya eneo lake.

Wanasiasa hawakuisubiri hukumu hiyo. Mwaka 2004 bunge la Oklahoma lilipitisha sheria ya kumzuia mwajiri kupiga marufuku silaha iliyofungiwa ndani ya gari la mfanyakazi, na mwaka uliofuata likaikaza. Florida na Georgia zilifuata mwaka 2008, Texas mwaka 2011, Tennessee mwaka 2013. Leo majimbo zaidi ya 20 ya Marekani yana sheria za namna hii.

Mjadala wa kitaaluma kuhusu sheria hizi umezoea kuwapambanisha wawili: mwenye bunduki na mwenye kiwanja. Makala haya yanadai kwamba pambano hilo limemfunika mtu wa tatu, yaani mfanyakazi mwenza anayeegesha gari kando ya lile lenye bunduki, na kwamba kazi kubwa iliyofanywa na sheria hizi ni kumtwisha yeye hatari bila kumuuliza.

Kwanza tuiweke kando hoja inayopigiwa kelele kuliko zote. Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yanayolinda haki ya kuwa na silaha, huifunga mikono serikali. Hukumu za Mahakama Kuu ya Marekani kuhusu haki hiyo, ya Heller ya mwaka 2008 na ya Bruen ya mwaka 2022, zote zilihusu amri za mamlaka za umma. Kampuni binafsi haimo humo: inaweza kumkataza mfanyakazi bastola kama inavyoweza kumkataza kaptura. Kwa hiyo mbunge wa jimbo anaposema anatekeleza Katiba anapouzuia uamuzi wa mwajiri, anajipamba. Anachofanya ni kuchagua sera, na sera hupimwa kwa matokeo yake na kwa haki inayowatendea watu.

Hoja ya makampuni nayo haikuwa imara kama ilivyodhaniwa. ConocoPhillips na wenzake walikwenda mahakamani kuipinga sheria ya Oklahoma. Mwaka 2005 Chama cha Kitaifa cha Bunduki, NRA, kikaitisha mgomo wa kutonunua mafuta ya kampuni hiyo. Mwaka 2007 Jaji Terence Kern aliibatilisha sheria. Alisema inagongana na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 1970, ambayo inamtaka mwajiri aondoe hatari zinazotambulika zinazoweza kuua au kudhuru vibaya. Miaka miwili baadaye Kanda ya 10 iliutengua uamuzi huo katika shauri la Ramsey Winch: idara ya shirikisho inayosimamia sheria hiyo ilikuwa imekataa kuweka kanuni kuhusu silaha kazini, na mahakama haikuona sababu ya kuijazia pengo. Kisheria naona mahakama ilikuwa sahihi. Lakini tazama waliokuwa mbele ya jaji: kampuni za mafuta na viwanda upande mmoja, gavana na mwanasheria mkuu wa jimbo upande wa pili. Anayefanya kazi zamu moja na mwenye bunduki hakuwa na kiti.

Wanaozitetea sheria hizi wana hoja moja ninayoiona ni nzito, na wapinzani wao hawaitendei haki. Muuguzi anayemaliza zamu saa nane usiku na kuendesha gari peke yake kilomita hamsini hanyang'anywi bastola kwa zile saa za kazi tu. Mwajiri akiikataza maegeshoni, ameikataza nyumbani hadi kazini na kazini hadi nyumbani, barabara yote ambayo si mali yake na ambayo hamlipi mtu kuipita. Mamlaka ya mwajiri yanarefuka kuliko ua wake. Wale mbwa wa Valliant wanaudhi kwa sababu hiyohiyo, hata kwa msomaji asiyependa bunduki: gari ni la mfanyakazi, na kilichomo ni chake.

Hapo ndipo ningetarajia bunge lilinde faragha ya gari, au limpe mfanyakazi kinga dhidi ya kufukuzwa bila sababu. Halikufanya hivyo. Marekani, isipokuwa jimbo la Montana, hufuata kanuni kwamba ajira isiyo na mkataba maalumu inaweza kuvunjwa wakati wowote, kwa sababu nzuri, mbaya, au bila sababu. Mississippi ni mfano unaosema mengi. Mwaka 1993 Mahakama Kuu ya jimbo hilo iliruhusu vighairi viwili tu vya kanuni hiyo: anayefukuzwa kwa kukataa kushiriki uhalifu, na anayefukuzwa kwa kuufichua uhalifu wa mwajiri wake. Mwaka 2016, katika shauri dhidi ya Aurora Flight Sciences, mahakama hiyo ilikubali kwamba sheria ya maegesho nayo inampa aliyefukuzwa njia ya kudai. Anayefukuzwa kwa sababu msimamizi hakumpenda hana pa kwenda. Anayefukuzwa kwa sababu ya bunduki iliyomo garini ana kesi. Ulinzi umekwenda kwa kifaa, mtu akaachwa palepale alipokuwa.

Na Mississippi ilikuwa na sababu ya kufikiri mara mbili. Tarehe 8 Julai 2003, katika kiwanda cha Lockheed Martin karibu na Meridian, mfanyakazi mmoja alitoka kwenye kikao cha mafunzo, akaenda kwenye pikapu yake, akarudi na silaha na kuwaua wenzake 6 kabla ya kujiua. Umbali kati ya hasira na bunduki ulikuwa ule wa kutoka ukumbini hadi maegeshoni. Sheria ya jimbo hilo ya kulinda bunduki magarini ilipitishwa mwaka 2006.

Mfano mmoja, hata uwe wa kutisha namna gani, hauthibitishi kanuni. Agosti 1986, kwenye posta ya Edmond, Oklahoma, msambazaji wa barua aliwaua wenzake 14 kwa silaha alizozileta akiwa amezitia ndani ya mfuko wa barua. Aliyekwisha kuamua hasomi tangazo la getini. Tena mauaji mengi kazini Marekani hayatokani na ugomvi wa wafanyakazi. Mwaka 1994 yalizidi 1,000, mwaka 2022 yalikuwa 524, na sehemu kubwa imekuwa kazi ya watu wasio wafanyakazi wa hapo, hasa majambazi wanaovamia maduka. Kuna pia utafiti wa North Carolina uliochapishwa mwaka 2005 katika American Journal of Public Health: mahali pa kazi palipoziruhusu bunduki palikuwa na uwezekano mara 5 hadi 7 zaidi wa kutokea mauaji ya mfanyakazi kuliko palipokataza silaha zote. Takwimu hiyo hunukuliwa ovyo. Uhusiano huo huenda kwa kiasi fulani unaonyesha kwamba waliozoea kuvamiwa ndio wanaoruhusu bunduki, na utafiti haukuyatenga maegesho peke yake. Tunachojua kwa uhakika zaidi ni kuhusu wizi: katika miji kama Nashville, sehemu kubwa ya bunduki zinazoibwa hutoka magarini, na gari lililoachwa kwa muda wa saa nane mahali panapojulikana ni windo jepesi.

Hatari basi ipo, japo si kubwa kama makampuni yalivyodai. Swali linabaki: nani anaibeba? Hapa inabidi kuvisoma vifungu ambavyo wanasiasa hawavitaji majukwaani. Sheria za Oklahoma, Florida na Texas zinampa mwajiri kinga dhidi ya madai yanayotokana na silaha aliyolazimishwa kuivumilia. Kwa mwajiri hilo ni haki tupu. Asiyeruhusiwa kuamua asilipe. Lakini sheria hazikumtaja mwingine wa kulipa. Aliyejeruhiwa anabakiwa na fidia ya kawaida ya ajali kazini, kama ajali yake itahesabiwa kuwa ya kazini, au ampeleke mahakamani mpiga risasi, ambaye mara nyingi amekufa au hana kitu. Jimbo limechukua uamuzi, mwajiri amepewa kinga, mwenye bunduki amepewa haki, na gharama ikaangukia pale pasipo na wakili. Miongoni mwa walio hapo ni Wakongomani wanaozungumza Kiswahili waliohamia Texas na Kentucky, majimbo yote mawili yenye sheria hizi, wakafanya kazi kwenye viwanda vya nyama na maghala. Kitabu cha kanuni za kazi wanachopewa siku ya kwanza hakiwezi kuwaahidi maegesho yasiyo na silaha, hata mwajiri angetaka.

Tena haiwezi kusemwa kwamba wabunge hawakuijua hatari hiyo. Vighairi vinawasuta. Florida inawaachia nje waajiri wenye shughuli za baruti zenye kibali cha shirikisho, na Disney, yenye fataki zake, ilidai kuwa humo. Texas ina masharti tofauti kwa mitambo ya mafuta na kemikali. Ikiwa bunduki iliyofungiwa garini haina madhara, kwa nini ikatazwe karibu na tangi? Na ikiwa ina madhara, kwa nini tangi lilindwe kuliko wodi ya hospitali?

Utah imejaribu njia nyingine: mwajiri anaweza kukataza bunduki kwenye maegesho yake iwapo atatoa maegesho mengine bila kumwongezea mfanyakazi gharama, au mahali salama panapolindwa pa kuikabidhi. Muuguzi wa zamu ya usiku anabaki na bastola yake njiani, lakini pikapu haigeuki ghala la silaha hatua chache kutoka ukumbi wa mikutano. Haiondoi kila ugumu. Duka dogo halina maegesho ya pili. Kwa hao, jimbo linaweza kudai bunduki iwe ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa kwenye bodi ya gari, na kumwajibisha kwa malipo mwenye silaha iliyoibwa au kutumika kwa uzembe wake. Kinga ya mwajiri ingeweza kubaki, mradi iandamane na mfuko wa jimbo wa kuwafidia waliojeruhiwa na silaha ambazo jimbo lenyewe liliamuru ziruhusiwe. Mbunge anayeamini kwamba bunduki hizo hazitamdhuru mtu hana sababu ya kuhofia gharama za mfuko huo.