Jeshi kabla ya Dola: Kongresi ya Bara na Vita vya Uhuru wa Marekani, 1775–1783

Makala hii inachunguza namna baraza la makoloni, lililokutana kutetea haki za raia mbele ya Mfalme wa Uingereza, lilivyoishia kuongoza vita vya uhuru. Inadai kwamba mamlaka ya Kongresi ya Pili ya Bara yalijengwa kwanza kwa hati na majina, na kwamba udhaifu wake mkubwa ulikuwa katika hazina.

Kongresi ilikutana Philadelphia tarehe 10 Mei 1775, wiki tatu baada ya mapigano ya Lexington na Concord. Tayari wanamgambo wa New England walikuwa wameuzingira mji wa Boston. Tarehe 2 Juni ilisomwa barua kutoka Massachusetts, ambako viongozi waliingiwa na hofu ya kuwa na jeshi lisilo na mamlaka ya kiraia ya kulidhibiti. Wakapendekeza Kongresi ilichukue. Swali la awali, basi, lilikuwa ni nani atakayeshika hatamu za wenye silaha. Suala la uhuru lilikuja baadaye.

Tarehe 14 Juni Kongresi iliidhinisha vikosi kumi vya wapiga bunduki kutoka Pennsylvania, Maryland na Virginia. Kesho yake ilimteua George Washington, mtu wa Virginia, aongoze jeshi ambalo wengi wake walikuwa watu wa kaskazini. Hati yake ya uteuzi ilitolewa kwa jina la "Makoloni Yaliyoungana", nayo ilimtaka afuate maelekezo ya Kongresi. Muungano huo haukuwa na katiba, na mwezi Julai wajumbe wale wale walimwandikia Mfalme ombi la suluhu. Tarehe 9 Septemba 1776, miezi miwili baada ya Azimio la Uhuru, Kongresi iliagiza hati zake ziandikwe "Majimbo Yaliyoungana". Jina lilitangulia dola.

Hata hivyo, Kongresi haikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Ilichapisha noti na kuyaomba majimbo michango. Kufikia Machi 1780 yenyewe ilikubali kwamba dola 40 za karatasi zilikuwa sawa na dola 1 ya fedha halisi. Mkataba wa Shirikisho, ulioanza kutumika tarehe 1 Machi 1781, haukuliziba pengo hilo. Juni 1783 askari waliodai mishahara waliizingira Kongresi huko Philadelphia, nayo ikahamia Princeton.

Pamoja na hayo, tarehe 23 Desemba 1783 Washington aliirejesha hati yake kwa Kongresi mjini Annapolis. Kwa kuhitimisha, hati ilitosha kumfanya kamanda atii, lakini haikutosha kumlipa askari. Baraza lolote la kikanda linalokabidhiwa jeshi halina budi kuulizwa mapema ni nani anayeliamuru, na linalipwa kutoka fungu lipi.