Negativu za Unguja katika Makabati ya Maskati

Wanaotafiti Unguja ya kabla ya 1964 huanza na nyaraka za serikali, magazeti na maandishi ya wasafiri. Katika makala haya tunapendekeza chanzo kingine, kilichokaa miaka mingi ndani ya makabati ya Maskati: negativu, yaani filamu zilizokwisha kusafishwa, ambazo kwenye mwanga huonyesha giza na kwenye giza huonyesha mwanga.

Zilifikaje huku? Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yaliwatawanya Wazanzibari wengi wenye asili ya Omani, wengine wakaenda Mombasa, wengine Misri, Uingereza na nchi za Ghuba. Sultan Qaboos aliposhika madaraka Julai 23, 1970, aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi, na wengi waliokuja walizungumza Kiswahili. Waliopigwa picha studio, kama ile Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, walikuja na picha za karatasi, kwani kwa kawaida negativu hubaki kwa mpiga picha. Lakini aliyekuwa na kamera yake nyumbani alikuwa na filamu yake pia, na filamu huenea mfukoni.

Bibi wa mwenzetu mmoja, mkaazi wa Al Khuwair, alitufungulia kopo la biskuti lenye filamu hizo. Kabla hatujaona kitu tulinusa siki. Filamu za asetati zikianza kuoza hutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki, na joto na unyevu huharakisha uozo huo. Filamu iliyofikia hapo haiponi, hivyo hatukungoja mashine ya kitaalamu.

Tulilaza kila negativu juu ya kibao cha taa nyeupe, tukaifunga kamera ya dijitali kwenye stendi ikitazama chini, yenye lenzi ya kupigia vitu kwa karibu, tukazima taa za chumbani. Kompyuta ilifanya kazi ya kugeuza weusi kuwa weupe. Siku ya kwanza tulikosea. Mtaa mmoja wa Mji Mkongwe ulitoka na kibao cha duka kikisomeka kinyumenyume, kwa kuwa tuliilaza filamu upande usio wake. Kama pasingekuwa na maandishi, tungehifadhi mtaa ambao kulia kwake ni kushoto, na msomaji wa kesho angeuamini. Tangu siku hiyo upande unaong'aa ndio tunaouelekeza kwenye kamera.

Picha moja Bibi alikuwa nayo pia kwenye albamu: watoto watatu barazani, wamevaa nguo za Idi. Mkono wa mdogo wao unaishia ukingoni mwa karatasi. Kwenye negativu nzima mkono huo umeshikwa na msichana aliyejifunga kanga, ambaye karatasi ilimkata. Bibi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyo ndiye yaya wetu, wanangu." Alilitaja jina lake. Alisema hakupata kujua alikwenda wapi baada ya Mapinduzi.

Albamu peke yake ingetufundisha kwamba baraza ile ilikuwa na watoto watatu tu. Ndiyo maana tunasema negativu ipigwe nzima, pamoja na kingo zake, bila kukatwa ili ipendeze. Na majina yaandikwe siku hiyohiyo, kwa sababu kamera haiyajui. Filamu zinaoza, na wanaojua majina wanazidi kuzeeka.

Katika orodha yetu jina la yaya limeandikwa pamoja na majina ya wale watoto watatu. Wasomaji wenzetu, ikiwa kwenu kuna kopo kama hilo, lifungueni likizo hii, na msilifungue peke yenu. Kaeni na bibi au babu.