Kiungulia ni Dalili, Kucheua Asidi Ndio Ugonjwa

Mtu akisema "nina vidonda vya tumbo", mara nyingi alichonacho ni kiungulia. Mkanganyiko huu una madhara, kwa sababu kila kimoja kina chanzo chake na tiba yake.

Neno kiungulia limezaliwa na kitenzi kuungua. Ni ule moto unaoanzia kwenye chembe cha moyo, ukapanda kifuani hadi kooni, pengine ukaacha mdomo na uchachu. Moyo wenyewe haumo kabisa. Tumbo hutoa asidi, ambayo wengine huiita tindikali, ili kumeng'enya chakula na kuua vijidudu. Ukuta wa tumbo umekingwa na ute mzito. Umio, yaani mrija unaoshusha chakula kutoka kooni, hauna kinga kama hiyo. Kati ya viungo hivi viwili upo msuli wa mviringo unaofunga njia. Ukilegea, asidi hupanda na kuchoma.

Kupanda huko ndiko kucheua. Mtoto mchanga hucheua maziwa, ng'ombe hucheua majani, na mtu mzima hucheua asidi. Wapo wanaoandika "reflaksi", lakini "ugonjwa wa kucheua asidi" ni istilahi bora: hata bibi asiyesoma ataielewa papo hapo. Kiungulia kibaki kuwa jina la dalili.

Vidonda vya tumbo ni jambo jingine. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria Helicobacter pylori na mchango wake katika vidonda hivyo. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini. Bakteria huyo huuawa kwa antibayotiki, lakini antibayotiki haikazi msuli uliolegea.

Kinachosaidia ni kuujua msuli huo na adui zake: sigara, pombe, mafuta mengi, unene wa tumbo, mshipi au kanga iliyokazwa. Kwa mjamzito, homoni huulegeza na mtoto hulisukuma tumbo kutoka chini. Mwezi wa Ramadhani huonyesha haya yote wazi. Tumbo lililokuwa tupu mchana kutwa hujazwa kwa mkupuo sambusa, bajia na mihogo ya nazi, kisha mtu anajinyoosha mkekani. Wengine hula daku la kushiba, wakaswali alfajiri na kurudi kulala. Heri kufungua kwa tende na maji, kuswali, ndipo ule kidogo kidogo. Na baada ya chakula upite muda wa saa mbili au tatu kabla ya kulala.

Anayesumbuka usiku aweke matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, mwinuko wa sentimita 15 hadi 20. Mito mingi haitoshi, kwani hukunja kiuno na kulibana tumbo. Kulalia ubavu wa kushoto pia husaidia.

Kuhusu dawa, vidonge vya kutafuna vyenye magnesiamu au kalisi hutuliza upesi. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, haizimi moto uliokwisha kuwaka; humezwa kama nusu saa kabla ya kula. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi tu, kisha tumbo huongeza asidi. Magadi yana sodiamu nyingi, hivyo mwenye shinikizo la damu asiyaguse.

Kiungulia kikikujia zaidi ya mara mbili kwa wiki, muone daktari. Chakula kikikwama kooni, ukikonda bila sababu, ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, usingoje: saratani ya umio imeenea Afrika Mashariki, na wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Na maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho na kukosa pumzi, usiyaite kiungulia. Kimbilia hospitali saa hiyo hiyo.